Mbao za Buwaluka

Buwaluka, 8 Februari 1998

Balikowa, mume wangu uliyenikimbia,

Una miguu au uliiuza? Viazi tumevuna, tumekula, tumepanda vingine, na ua wangu hujaukanyaga. Hata yule mbwa niliyemfukuza kwa kuiba mayai alirudi kuangalia kama bado niko hai. Haya, salamu. Hujambo? Unakula? Kile kikohozi chako kimekuacha? Mimi mzima. Goti linaniuma, lakini goti ni langu. Lingekuwa linakuhusu ungekuja kuliona.

Anayeniandikia ni Nangobi wa cherehani, mke wa mtoto wa Mzee Kirunda. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe. (Nimeapa, shemeji. Nangobi.)

Sasa sikia. Juzi Kirunda alikuja akakalia kigoda cha marehemu babu yako bila kuambiwa karibu. Anauliza embaire ya kijiji iko wapi, mbao zake zote tunazozipiga kwa fimbo, kubwa na ndogo. Nikamwambia, "Iko Jinja kwa mjukuu wangu, si unajua?" Akasema, "Mama Naigaga, ulituambia kijana anakwenda kuipiga kwenye harusi moja kisha airudishe. Harusi gani hiyo? Bibi harusi mwenyewe ameshazaa." Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Halafu mwuza samaki ananiambia alikuona Walukuba. Anasema bendi umeacha, gita umelitundika ukutani, mchana kutwa uko uani na watoto wa watu mnaimba a, a, a. Nikamwambia kafananisha. Vidole ambavyo babu yako alivinyoosha kwa fimbo ya embaire, leo vinafuta makamasi?

Unajua kwa nini nina haraka. Wimbi likiingia ghalani, mwezi wa saba, tunamaliza matanga ya babu yako. Siku hiyo wewe ndiye utakayevikwa nguo ya magome na kukalishwa mahali pake, mbele ya zile mbao kubwa. Ukoo umekubali. Mtu aliyeongoza embaire maisha yake yote hamalizwi matanga kwa redio.

Na siku ulipozichukua wazee walikataa, usijisahaulishe. Mimi mwanamke nilisimama mbele ya wanaume nikasema, zisiporudi nzima, nikifa msinipigie. Nizikeni kimya kama mchawi. Neno hilo halijarudi mdomoni mwangu, liko huko nje linanisubiri.

Zirudishe. Tena zilete mwenyewe.

Bibi yako,
Naigaga


Walukuba, Jinja, 1 Machi 1998

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Pole na goti. Mimi mzima, kikohozi kimepungua, nakula ingawa viazi vya huku ni kamba tupu. Msalimie Nangobi.

Mwuza samaki hakufananisha, ni mimi.

Mwaka jana serikali iliposema watoto wote wasome bure, shule ya hapa jirani ilijaa mpaka wakakaa madirishani. Mwalimu mmoja, watoto kama nzige, angefanyaje? Waliokosa nafasi wakawa wanakuja uani kwetu kusikiliza bendi ikifanya mazoezi. Mmoja wao ni msichana anaitwa Kisakye. Alirudia darasa la kwanza mpaka wadogo zake wakampita, na shule ilipojaa akapoteza nafasi. Herufi hajui hata moja, lakini mpigo akiusikia mara moja, ni wake.

Ilikuwa baada ya ile harusi. Mbao zilikuwa bado kwangu. Nikachukua chaki, nikaandika a kwenye ubao mmoja, maa kwenye wa pili, dhi kwenye wa tatu. Nikawagawia watoto watatu. Nikawaambia wapishane, kama sisi tunavyopishana kwenye shimo, mbao zikiwa zimelazwa juu yake zivume, hakuna anayepiga wimbo peke yake. Wakapiga: amaadhi. Maji! Walicheka kama wamemwagiwa. Kisakye akazinyakua fimbo, akapiga zote tatu, akaitazama ile chaki, akasema, "Kwani ndiyo hii tu? Mbona mwalimu alikuwa anatuficha?"

Bibi, tangu siku hiyo nikipanda jukwaani naona walevi watupu. Nilikuwa nachelewa mazoezi, kisha siendi. Bendi ikatafuta mpiga gita mwingine, na sikuwalaumu. Sasa tumechimba shimo hapa uani na wazazi wamelizungushia magunia. Asubuhi watoto wanapiga maneno, jioni wanayaandika mchangani. Wasichana nao wanakaa shimoni. Najua Mzee Kirunda atasema nini.

Niachie mbao kidogo tu. Au njoo uone mwenyewe, nitakuchinjia kuku.

Mjukuu wako,
Balikowa


Buwaluka, 22 Machi 1998

Balikowa,

Nimesalimia kwenye barua ya kwanza, hiyo inatosha.

Barua yako nzuri. Nangobi alipofika kwa huyo msichana na mwalimu aliyewaficha, tulicheka mpaka cherehani ikasimama. Nimefurahi na sifichi. Mtoto akijua kusoma hadanganywi na karani. Lakini mimi sikukuuliza habari za watoto. Nilikuuliza mbao. Nimemfanya Nangobi asome mara mbili, nikitafuta mahali uliposema, "Bibi, mbao ni nzima." Hapapo.

Mimi nimekulea. Ukiwa mdogo, ukivunja chungu ulikuwa unaniletea maua ya maboga. Hiyo barua yako imejaa maua.

Kirunda anasema wimbi likianza kukatwa atapanda gari azifuate mwenyewe. Anataka zikae kijijini kwanza, waungane nazo tena kabla ya matanga. Usimlazimishe mzee yule kuja kwako akiwa na hasira na njaa ya safari.

Nijibu hili moja. Umezifanya nini?

Bibi yako


Walukuba, 19 Aprili 1998

Bibi,

Nangobi, dada yangu, ukifika hapa funga mlango kwanza. Najua wewe ni mkwe wa nani, lakini sina mwingine wa kumsomea.

Bibi, chaki ilikuwa inafutika kwa fimbo. Nikapaka rangi, ikabanduka. Watoto wakawa wanagombana, huyu anasema ubao wangu, yule anasema si wako. Siku moja nikachukua msumari, nikautia motoni mpaka ukawa mwekundu, nikaziandika herufi kwa kuchoma. Zikatoka nzuri. Nikazama kwenye kazi, nikachoma ndani kwa kina ili zisifutike tena, pale katikati ambapo mtoto anaona vizuri. Nikaandika ubao baada ya ubao. Bibi, niliziandika zote kubwa ndipo nikashika fimbo nikapiga.

Unajua kilichotokea. Huko kwetu hata mtoto anayechunga mbuzi anajua kwamba ubao ukiliwa katikati sauti inashuka. Nami nilijua. Nilikuwa naziangalia kwa macho, nikasahau kuzisikiliza. Zile ndogo ziko salama, sikuzigusa. Zile kubwa, za babu, zimeanguka. Mbili zinazokaa jirani sasa zinasema neno moja. Ule mkubwa kabisa haulii tena, unakohoa.

Watoto hawajali, wanasoma nazo vilevile. Mimi nikizisikia natoka nje.

Siwezi kuja, Bibi. Nitakalishwaje mahali pake mbele ya kitu nilichokiharibu kwa mkono wangu? Wampe mwingine ile nguo.

Usinichukie.

Balikowa


Walukuba, 14 Juni 1998

Bibi,

Shikamoo. Nimeandika, hujajibu. Nimesubiri, hujajibu. Unaumwa? Au ni Nangobi amekataa kuandika? Kila gari linalotoka huko nauliza, wananiambia uko, unalima, unafoka. Basi ni mimi tu usiyetaka kunifokea.

Wimbi limeanza kukatwa. Sitaki Mzee Kirunda asafiri. Nimezifunga mbao zote kwa magunia na kuzipakia kwenye lori la mkaa, dereva ameahidi kuzishusha kwako mlangoni. Watoto walilisindikiza lori mpaka barabara kubwa. Kisakye haongei na mimi.

Huenda nikaenda Kampala. Kuna bendi inatafuta mtu.

Balikowa


Buwaluka, 2 Agosti 1998

Balikowa, mtoto wa mwanangu,

Sasa nakujibu. Tafuta pa kukaa.

Barua yako ya msumari ilipofika, Nangobi alifunga mlango kama ulivyomwomba. Akasoma, akafika pale, akaifunika karatasi kwa mkono. Nikamwambia, "Soma." Akasema, "Mama, baba mkwe akiniuliza nitamwambia nini?" Analia, sindano bado iko mdomoni. Nikaona hapo nimemtwika mtoto wa watu aibu ya nyumba yangu. Ningejua kusoma, Balikowa, siku ile ningejifungia na aibu yangu mwenyewe. Hilo nimeliona, na nakwambia mara moja tu, usije ukalitia kwenye nyimbo zako.

Sikungoja jua lizame. Nilikwenda kwa Kirunda, nikapiga magoti na goti langu bovu, nikamwambia yote. Alikuwa ananoa panga. Akaendelea kunoa. Nikamwambia, "Kama ni kutukana nitukane, nimekuja mwenyewe." Akasema, "Mama Naigaga, nimtukane nani, na babu yake amekufa? Mwambie azilete."

Sikukuandikia. Nilitaka uzilete bila kuitwa. Nikawa kila siku napalilia kile kipande cha shamba kilicho karibu na barabara, magugu yamekwisha, nikapalilia mchanga. Nikaona lori la mkaa. Nikasema, mjukuu wangu huyo! Likashusha magunia na dereva asiyejua hata jina la babu yako.

Siku ya matanga ilikuwa hivi. Kirunda na wenzake walijaribu. Walizikata kidogo nchani zile kubwa ili sauti zipande. Nyingine zikapanda, nyingine zikapita mpaka, ule mkubwa ukapasuka. Wakaziweka pembeni, wakapiga zile ndogo peke yake. Babu yako amemalizwa kwa sauti za juu tu, kama harusi ya ndege. Watu walicheza wakitazama chini. Mzee mmoja kutoka ng'ambo ya kinamasi aliniuliza, "Hizo nene ziko wapi?" Nikamwambia, "Zinaumwa."

Nguo ya magome amevikwa binamu yako Mugoya. Mugoya, ambaye ukimpa fimbo ya embaire anakoroga uji! Liliitwa jina lako kwanza, mara ya kwanza, ya pili, kimya, ndipo akaitwa yeye. Mimi nililia jikoni. Moshi ulinisaidia.

Baada ya watu kutawanyika wazee walikaa. Mmoja akasema zile mbao zichomwe, zisiaibishe kijiji. Kirunda akauchukua mmoja akamwita Nangobi. "Wewe si unajua? Hapa pameandikwa nini?" Nangobi akamsomea. "Na huu?" Akamsomea. Akazipanga zile zilizopona, akamwambia apige, na Nangobi, mwanamke, mbele yao wote, akapiga. Sauti mbaya, Balikowa, mbaya kama kuku aliyekanyagwa. Lakini lilikuwa neno, na sisi sote tulilisikia. Kirunda akasema, "Hizi haziwezi kurudi kwetu. Zimeshajifunza kazi nyingine. Zirudi kwa watoto." Yule wa kuchoma akanung'unika, Kirunda akamwambia, "Wewe choma nyumba yako." (Ni kweli, shemeji, alisema hivyohivyo. Nangobi.)

Basi magunia yamo humu ndani yanakusubiri. Usifikiri umesamehewa. Wametoa mbao, hawajakutoa wewe kwenye deni.

Na neno langu la kuzikwa kimya hawajalifuta. Walitaka kulifuta kwa huruma, nikawakataza. Nimesema litakaa mpaka shimo letu lipate sauti nene tena. Tumeangusha mti wa msambya ulio nyuma ya nyumba, Kirunda ameupasua, na mbao zake nimezitundika juu ya meko yangu zipate moshi. Anasema mbichi hazichongwi, tungoje kiangazi. Kwa hiyo sasa ni mashindano, mimi na mti, nani atakauka kwanza. Kila nikipika naziangalia, nazo zinaniangalia. Kukohoa nimeanza mimi, ndiyo, na usiniletee dawa.

Habari ya Kampala sitaki kuisikia. Ukienda huko kupigia walevi, basi uliharibu mbao za babu yako bure. Ukibaki na wale watoto, angalau uliziharibu kwa kitu. Chagua, lakini huyo Kisakye aanze kuongea nawe kwanza.

Kirunda anasema hataki kabisa kusikia habari za msichana kwenye shimo. Mlete.

Ukija, usipite njia ya kinamasini ufike kwangu kwa nyuma. Pita katikati ya kijiji, mchana, tezo ya kuchongea mbao iwe begani, kila mtu akuone. Watakaokuita, itika. Watakaokutukana, itika pia. Kwangu usifike. Nenda kwa Kirunda, kaa chini, usijitetee hata kwa neno moja, ushike kazi atakayokupa. Akikupa chakula, kula hukohuko. Akikunyima, lala na njaa hukohuko. Mlango wangu uugonge kesho yake asubuhi, na ugonge kwa nguvu, masikio yangu siku hizi ni ya kuazima.

Bibi yako,
Naigaga