Lori la Kijani Mbele ya Nyumba Yangu

Shangazi Yunisi, nakusalimu na naomba usinicheke, maana wenzangu wanakuandikia habari za ndoa na wivu na mimi nakuletea habari za rangi ya lori, ila nyumba inanishinda na sijui pa kushika.

Mimi ni koplo mstaafu, fundi wa magari ya jeshi, naishi Mwandiga na mke wangu Leonida na mama yake, ambaye alivuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili akikimbia mauaji, Leonida mgongoni, na hapa kwangu ana mwaka wa kumi na moja sasa. Mwaka jana nilinunua lori, Bedford ya zamani ya jeshi iliyokuwa imeota majani nyuma ya karakana ya mbao, nikaivuta mpaka nyumbani, injini nimeifufua, breki nimefunga mpya, na wenzangu wanne tuliobaki wa vita vya Kagera nimewaahidi kwamba Siku ya Mashujaa tutaingia nayo mjini, ila sharti iwe na rangi yake ya kweli, siyo ya kubahatisha.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Nilipoikwangua nikakuta bluu ya mfanyabiashara wa mkaa, chini yake kijani inayong'aa, chini yake kijani iliyofifia, na chini ya sanduku la betri nikakuta rangi ya mchanga, sasa ya kweli ni ipi? Rafiki yangu Davis mwenye gereji Mwanga anasema ya kung'aa, kumbukumbu yangu inasema iliyofifia, na hiyo ndiyo nikaipaka kwenye boneti kuijaribu. Tangu siku hiyo mke wangu anasema paka yoyote, nyekundu, njano, hata ya waridi, ila siyo kijani hiyo, nikimuuliza sababu anasema, "Baba Frida, acha tu," anaingia ndani. Na mama mkwe, aliyezoea kuota jua la asubuhi mbele ya nyumba, amehamishia kigoda chake jikoni kwenye moshi, na akienda kanisani anapitia uani kwa jirani. Mimi nilidhani ni heshima, maana kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani ovyo wala kuulizana mambo, nikaona huenda namkera nikilala chini ya gari tumbo wazi, nikaanza kuvaa shati.

Juzi binti yetu Frida alipokuja kututembelea ndiye akanipasulia: "Baba, Bibi anasema hilo ndilo gari lililokuja kumchukua Babu." Nilishtuka, lakini Shangazi, haiwezekani! Lori hili ni la kwetu, halijawahi kuvuka mpaka wa Burundi, nikang'oa kibati cha chasi nikamwonyesha Leonida namba na mwaka, nikamwambia ampelekee mama yake aone, akakitazama, akakiweka juu ya kabati, na sasa hatuzungumzi. Je, nipake rangi ya mchanga kuwaridhisha wakati moyo wangu unakataa, au nipake kijani wazoee? Mama huyu nampenda, lori nalipenda, na kichwa kinaniuma.

Koplo Herman, Mwandiga

*

Koplo, sikucheki, ila umenikasirisha, vumilia.

Ulitaka kumpelekea bibi wa watu kibati cha chasi! Yeye hakukuuliza lori limesajiliwa wapi. Aliona gari la rangi hiyo likisimama, mumewe akapandishwa, naye akabaki na mtoto mgongoni. Kama umepatia rangi ya jeshi letu sijui, mimi si fundi. Kwake umepatia mno, ndiyo maana amekimbilia moshini.

Pole na wewe, na hiyo naitoa kwa moyo mmoja. Ulipanda malori ya namna hiyo ukiwa kijana, na wapo uliopanda nao ukashuka bila wao. Una haki ya kuwakumbuka.

Sasa sikiliza. Usipake rangi ya mchanga kumdanganya mtu, wala usingoje azoee, mtu wa umri ule halazimishwi kuzoea kitu mlangoni kwake. Leo hii lifunike lote kwa turubai, boneti mpaka magurudumu. Jumapili, mama akiwa kanisani, liendeshe hadi gereji kwa Davis. Huko mbishane kung'aa na kufifia mpaka mchoke, pakeni kijani yenu, na Siku ya Mashujaa mwingie nalo mjini kifua mbele. Ila lisirudi Mwandiga, hata saa moja, hata kuonyesha majirani. Kibati kitoe kabatini ukakirudishe kwenye lori lake, na mkeo umwombe radhi kwa mdomo, siyo kwa kitenge.

Na heshima ya ukwe usijifiche nyuma yake. Kama wewe huwezi kumkabili, mtume dada yako au mwanamke mwingine mtu mzima wa kwenu, aketi naye jikoni hapohapo, amwambie kwamba hukujua na unaomba msamaha. Kisha aulize jina la mzee aliyechukuliwa. Lori umelikwangua rangi baada ya rangi ukitafuta lilikotoka, lakini katika barua yako nzima baba wa mkeo hana jina, na sidhani ulisahau kuliandika. Nadhani hujawahi kuliuliza. Miaka kumi na moja, Koplo!

Ukishaletewa jina hilo, litamke mbele ya Leonida. Halafu asubuhi yake chukua kigoda cha mama, kipanguse masizi, ukakiweke mwenyewe mbele ya nyumba, pale lori lilipokuwa.