Gari la Mheshimiwa

Al Rigga, Dubai
Machi 11, 2006

Mdogo wangu Yuliana,

Hamjambo hapo Kigoma? Mpe mama shikamoo yangu. Mimi mzima, ila siku hizi kitambi kinafika mlangoni kabla yangu, na kufungua mlango ndiyo kazi yangu.

Huwezi kuamini nani anakaa hotelini kwetu. Yule Waziri Mkuu wa zamani wa ng'ambo ya ziwa! Yule ambaye redio haikumaliza taarifa bila kumtaja. Hapa hakuna anayemjua. Kila asubuhi anavaa suti, anakaa kwenye kochi linalotazama mlango, anangoja atokee wa kumtambua. Mapokezi wanamwita sir, sawa na muuza matairi wa chumba cha jirani. Nikamwambia, "Shikamoo, Mheshimiwa." Yuliana, mzee alirefuka!

Tatizo ni meneja. Kwake wageni wote ni sir, na mkataba wangu unaisha mwezi ujao. "Nikisikia tena hiyo Mheshimiwa yako," kasema, "yalla, kwenye dobi letu Al Quoz, ukapakue mashuka ya kufua."

Kaka yako,
Zephania

Kigoma
Machi 27, 2006

Kaka,

Shikamoo. Sisi wazima, mama goti linamsumbua, mdomo haujambo.

Toka lini umekuwa katibu wa serikali ya watu? Mlango ule umeutafuta mpaka ukaota mvi. Mwite sir, khalas! Yeye uwaziri ashaula, wewe je? Kwenye joto la Al Quoz, na kitambi hicho, utayeyuka kama samli.

Mdogo wako,
Yuliana

Al Quoz, Dubai
Aprili 20, 2006

Mdogo wangu,

Salamu nyingi, na mama mpe pole ya goti. Anwani umeiona. Usicheke kwanza.

Walikuja mawaziri wa kwao, wana mkutano. Walipokuwa wakitoka, mzee akasimama, akafunga kifungo cha koti, akanyoosha mkono. Wakampita. Si kwa ubaya, walikuwa kwenye simu zao. Mkono ukabaki hewani. Meneja yuko ubavuni mwangu. Nikajiambia, Zephania, nyamaza. Mara nasikia sauti yangu mwenyewe: "Mheshimiwa Waziri Mkuu, gari lako tayari!"

Wakageuka wote. Mmoja akarudi mbio, akaushika ule mkono kwa mikono miwili. "Mzee! Kumbe uko hapa?" Wakamsindikiza mpaka nje, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba gari hakuna. Nikasimamisha teksi. Akapanda kana kwamba ni yake tangu zamani, akawapungia.

Kaka yako wa mashuka,
Zephania

Kigoma
Mei 9, 2006

Kaka,

Shikamoo, na pole ya joto. Nilimsomea mama barua nikijua atakugombeza. Amecheka mpaka akasahau goti. Ila anauliza: ile teksi ilimpeleka wapi?

Yuliana wako

Al Quoz, Dubai
Mei 30, 2006

Mdogo wangu,

Nashukuru kwamba mama amecheka. Mimi joto bado halijaniyeyusha.

Mwambie alizunguka mtaa mmoja tu, akarudi kwa mlango wa jikoni. Nilimfungulia mimi. Akachungulia ndani, akaniuliza polepole, "Wameondoka?"

Nikamjibu, "Wameondoka, Mheshimiwa."

Kaka yako,
Zephania