Dumu la Pili Lisifunguliwe

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuamkia kwa karatasi kwa sababu simu yako huiweka sauti ya juu, na nina neno ambalo sitaki nyumba nzima ilisikie kabla yako. Mguu unaendeleaje? Saumu haijakuchosha? Mie huku Dodoma mwili mzima, nafunga, nafuturu kwa tende na uji. Moyo ndio haujatulia.

Mama, ulipowaambia majirani wa Tabata kwamba mwanao ni karani wa kampuni ya zabibu, hukusema uongo. Mie ndiye niliyekuachia nusu ya neno. Zabibu hizo tunazikamua kutengenezea mvinyo. Kazi yangu ni kuandika mizigo inayoingia na kutoka, sijaonja hata tone, lakini nilikuogopa, nikanyamaza.

Wiki hii ya mavuno walikuja waandishi wa mvinyo kutoka nchi mbalimbali, watu ambao kazi yao ni kuonja na kuandika magazetini. Bosi akasema, "Twahiri, Kiingereza chako kimenyooka, utatafsiri." Nikatafsiri nimefunga, koo kavu. Wanaweka mvinyo mdomoni, wanausukutua kama mtu anayetia udhu, Mungu anisamehe mfano huu, kisha wanatema kwenye ndoo. Dada mmoja wa Nairobi, mcheshi, akanisogezea glasi: "Karani, kunusa tu hakufunguzi saumu!" Nikacheka huku narudi nyuma, nikaikanyaga ndoo. Nilidhani aibu yangu imeishia hapo.

Mchana tukaenda kwenye mapipa. Mtengenezaji wetu wa mvinyo, Bi Neema, akawa anaeleza kwa Kiswahili nami natafsiri. "Sie hapa hatutii hamira. Zabibu ina hamira yake, iko kwenye ganda. Ukiikamua, ukaiacha juisi kwenye joto siku mbili tatu, inaanza kuchemka yenyewe. Ikishaanza kutekenya ulimi, si juisi tena."

Hamira nikaitafsiri. Ganda nikalitafsiri. Nilipofika kwenye joto nikalisema kwa Kiswahili vilevile, wageni wakabaki kunitazama. Mie nilikuwa nayaona yale madumu mawili ya juisi niliyowatumia kwa basi ili mfuturie. Kila mfanyakazi hugawiwa juisi ya mavuno, na wenzangu huinywa siku ileile, palepale kiwandani. Hakuna anayeituma Dar. Ni mie tu, mtoto wa pwani, niliyeona tunda ni tunda.

Usiku nilipopiga simu akapokea Zuhura. "Kaka ee, juisi yako noma! Dumu lilikuja limevimba, tulipofungua likapiga pshaa, watoto wakashangilia. Inatekenya ulimi kama soda! Bibi kaongeza glasi, tarawehe kaswali amekaa, anasema leo miguu imekuwa myepesi mno. Na Mama kampelekea Maalim jagi zima, jagi limerudi na dua."

Nikasikia sauti yako nyuma yake: "Mwambie Mungu ambariki. La pili naliweka la Idi."

Nikasema imeharibika, mwageni. Ukajibu, "Kitu kitamu hivi nimwage? Israfu hiyo, mwanangu." Nikakata simu, kisha nikakuandikia ujumbe kwamba ni mtandao. Haukuwa mtandao.

Nimemuuliza maalim wa msikiti wa huku, bila kutaja majina. Alianza kucheka, akaacha. Akasema, "Waliokunywa hawakujua, na Mungu anajua kwamba hawakujua. Wewe umeshajua, na dumu bado lipo."

Kwa hiyo nakuomba, Mama, lile dumu lisifike mezani. Lipeleke uani, fungua kifuniko polepole maana litakuwa limevimba, ulimwage kwenye shimo la maji machafu. Kwa Maalim usiende wewe. Nikija Idi nitakwenda mwenyewe, nitavua viatu mlangoni pake nimwambie. Kumwambia Bibi nakuachia, mie nguvu hiyo sina. Na kazi hii, ukisema niiache, nitaiacha. Ila usinijibu kwa kunyamaza. Kunyamaza kwako nakuogopa kuliko maneno.

Anayekuletea barua hii ni Rehema, mwenzangu ofisini, anakwenda kwao Mbagala. Yeye hafungi, mpe chai. Hajui kilichoandikwa humu.

Nisalimie Bibi na magoti yake, na Zuhura wetu asiyeweza kutunza siri. Mjomba wa Kunduchi mwambie nimewakumbuka samaki wake. Shangazi wa Chamazi mwambie zabibu kavu alizoniagiza nitamletea. Hizo nitanunua dukani, asiwe na wasiwasi.

Ukishamwaga, nipigie, Mama. Hata ukiweka sauti ya juu.

Mwanao mwenye hofu,
Twahiri