Kabati Langu Jukwaani

Shoga, mjukuu wangu ndiye kanieleza haya sasa hivi, mchana huu huu, bado ana poda ya jukwaani usoni.

Lile kabati langu la nguo nililowaazima kwa mchezo wao wa kuigiza, kitasa chake si hujifunga chenyewe? Nilisahau kuwaambia!

Leo ndiyo mara yao ya kwanza mbele ya watu. Kikundi chao cha watu wanne kina sharti moja: mchezo hausimami hata paa likianguka. Basi yeye, mke mchezoni, kajificha kabatini. Zamu yake ya kutoka ikafika. Anasukuma mlango. Wapi!

Akanong'ona, "Nifungulie, nimekwama kweli!" Mume wa mchezoni akavuta mpaka mshipa ukamtoka shingoni. Akaunguruma mbele ya watu: "Sikufungulii mpaka useme yote!"

Sikufungulii, eti! Na hali hawezi!

Miaka miwili mtoto kangoja watu wamwone uso. Akayasema maneno yake yote humo gizani, jasho linamtiririka, pumzi zinamwisha. Watu wakalia. Wakasimama, makofi hayo! Yeye bado ndani.

Mpaka walipong'oa bawaba ndipo akatoka. Mwongozaji wao akamkumbatia: "Hapo hapo! Mlango tunaurudishia, na siku kumi za mchezo zilizobaki utabaki humo humo."

"Bibi," kaniambia, "nikikataa, nafasi anapewa mwingine."

Ufunguo ninao mimi, shoga. Kesho nakwenda nao, nakaa kiti cha mbele.

Sasa kalala. Mlango wa chumba kauwekea kiatu, usije ukajifunga.