Nyama ya Kujazia

Jumapili, 9 Julai 1989. Chwele.
Kikao nyumbani baada ya kanisa. Baba akatoa barua ya daktari wa Kitale mfukoni, akanipa mbele ya wote. Kwetu ndivyo ilivyo: aliyesoma ndiye anasoma barua, na akishasema, imekwisha. Hakuna anayerudi kumuuliza daktari. Mistari mitatu ya Kiingereza — figo zote mbili, parenchyma imekonda, apelekwe kwa mtaalamu Nairobi.

Kaka Eliakim akauliza hiyo parenchyma ni nini. Mimi mwalimu wa biolojia, nitashindwaje! Nikawaambia ni nyama ya kujazia tu, kama ile laini iliyo ndani ya bua la mahindi. Ndivyo ninavyoandika ubaoni kila mwaka. Baba akacheka: basi figo yenyewe ni nzima, Nairobi itangoja wakwe waje kwanza. Wakwe ni watu wa Kimaiyo, mchumba wangu. Wanaleta ng'ombe tarehe 22, na bila baba mwenyewe kuketi pale, hakuna mahari. Nilifurahi. Humu daftarini sitajidanganya, nilifurahi sana.

Jumatano, 12 Julai. Kitale.
Kimaiyo alipita shuleni. Wajomba zake kule mlimani wamekubali hatimaye aoe Mbukusu kama mimi. Miaka miwili ya kubembeleza! Akaniambia tarehe isiguswe tena, maana hao wazee wakirudi nyuma hawaji tena. Nikamwambia haiguswi.

Jumatano, 19 Julai.
Siku mbaya. Maabara na Kidato cha Nne, viazi na iodini. Vipande vikageuka vyeusi tii, kama kawaida. Nikasema: wanga huo uko ndani ya parenchyma. Jerono, yule asiyenyamaza, akainua mkono. Ati mwalimu, si ulisema hiyo ni ya kujazia tu? Sasa tukiitoa kwa kiazi, kinabaki nini?

Darasa likacheka. Nikajibu haraka — ganda. Kisha nikasikia nilichosema. Nikakumbuka figo za baba. Nikawaambia wachore wanachokiona, nikatoka nje nikasimama karibu na tangi la maji.

Alhamisi, 20 Julai.
Nimekwenda kwa Bi Chepkorir, nesi wa shule. Nilijifanya nauliza kwa ajili ya somo. Akasema hiyo ndiyo sehemu inayofanya kazi. Kwenye figo ndiyo inayochuja damu. Inayoshikilia na kujazia ni nyingine kabisa, ina jina lake. Akaniangalia. "Mwalimu, mgonjwa ni nani?" Nikalia pale pale. Akauliza miguu imevimba? Mkojo umepungua? Sijui! Tangu kikao sijauliza hata mara moja. Akasema mzee asingoje hata wiki moja.

Nimefungua kitabu upya. Ukurasa niliousoma chuoni nusu. Hata kwenye mmea, jani linapika chakula kwa parenchyma hiyo hiyo, kiazi kinaweka akiba humo. Miaka sita nafundisha upuuzi! Na karibu wiki mbili za baba zimepita. Nyumbani hakuna simu. Kesho nasimamia mtihani, mkuu wa shule amekataa kunipa ruhusa.

Jumamosi, 22 Julai. Chwele, jikoni, saa tano asubuhi.
Nimefika mapema. Baba amevaa suti yake ya kijivu — na kandambili. Viatu vimekataa kuingia. Uso umejaa. Mama anasema amenenepa, ni furaha ya kuoza binti. Mungu wangu.

Nilimvuta Eliakim nyuma ya zizi, nikamwambia yote, kwamba nilikosea, kwamba hiyo ndiyo figo yenyewe. Akachungulia barabarani. Halafu: "Dada, wageni wako hapo kwa soko wanakuja. Wacha ng'ombe ziingie. Jumatatu mimi mwenyewe nampeleka." Nikasema nesi amesema asingoje. Akasema siku mbili zitafanya nini bana, na kwani si wewe ulitwambia?

Ni mimi. Na hapa ndipo naona aibu — aliposema tungoje, kuna kitu ndani yangu kilitulia. Sijui nimenyamaza kwa sababu ya Eliakim au ya Kimaiyo.

Wageni wameingia. Nasikia vigelegele, ng'ombe, sauti ya Kimaiyo. Kupitia dirishani namwona baba akisimama kuwasalimu wajomba. Ameshika kiti kwa mkono mmoja. Mjomba mkubwa anamuuliza hali, ati walisikia anaumwa.

"Ah, kitu kidogo," baba anasema kwa sauti, anacheka. "Ni nyama ya kujazia tu. Binti yangu amesoma mambo hayo, muulizeni mwenyewe. Mwanangu! Hebu njoo uwaeleze wakwe zako!"

Barua iko mfukoni mwangu. Kimaiyo anaangalia huku dirishani, anatabasamu. Baba ameita tena —