Mlango wa Sura ya Nne

Jumanne, Julai. Baridi ya kuuma masikio. Hapa mtaa wa Jamhuri, Nairobi, jua halijaonekana tangu Ijumaa, na nguo nilizoanika jana bado zinanuka unyevu.

Leo nimetoa siri ambayo haikuwa yangu. Naandika mapema, kabla giza halijaingia, kwa sababu najijua. Nikingoja mpaka kesho nitaanza kuipamba.

Nianze na gemu, maana ndiyo iliyonifikisha hapa.

Tuko watatu. Manjit anaandika programu, Kioko anachora, mimi natunga hadithi. Tukiwa kidato cha pili tulikuwa tunajazana kwenye saiba moja ya intaneti ya Ngong Road kucheza gemu ya Kijapani ya kusafiri kwa wakati. Unachukua kikundi chako, unarudi miaka ya nyuma, unabadilisha jambo, kisha unarudi leo kuona dunia imegeuka vipi. Walioitengeneza waliiacha kitambo. Sisi hatukuiacha. Huu ni mwaka wa pili tunaunda toleo letu, la mashabiki, la kugawa bure, na safari zake zote ni za Nairobi. Siku za kazi nasanifu kadi za harusi na kalenda katika duka la uchapishaji mjini. Jumamosi mimi ni mwandishi. Kusema kweli, ndiyo siku pekee najisikia kuwa mtu.

Sura tatu za kwanza zilikuwa tayari. Ya nne ilikuwa kichwa tu kwenye karatasi ya manila: "Mji wa Hofu." Mchezaji anarudi mwanzoni mwa miaka ya themanini, askari wako barabarani, watu wamewekewa kafyu ya kutotoka nje usiku. Mandhari nilikuwa nayo. Nilichokosa ni mtu wa kuweka ndani. Manjit alikuwa ameniuliza mara mbili inaendeleaje, kwa upole ule wake unaochoma kuliko hasira.

Ndipo nikamwendea Baba.

Baba alitoka Bungoma akiwa kijana, akawa seremala hapa mjini mpaka mgongo ulipokataa. Tangu Mama afariki tunaishi wawili. Nilimwuliza vitu vidogo vidogo: mkate ulifungwa kwa karatasi gani, redio ilikaa upande gani wa chumba, taa ilikuwa ya namna gani. Alijibu vizuri, hata akawa anacheka. Basi nikamtupia swali ambalo sisi wa gemu huulizana kila siku. Kama ungeweza kurudi siku moja tu, Baba, ungerudi lini?

Akainamisha macho.

Kisha akanieleza. Wakati huo waliishi chumba kimoja Kawangware, yeye na Mama na watoto wawili, dada yangu Nekesa akiwa wa wiki chache. Mimi sikuwa nimezaliwa. Mdogo wake Baba, Sitati, alikuwa mpishi katika kambi ya jeshi, na wiki ile, baada ya jaribio la mapinduzi kushindwa, watu wa kambi hiyo walikuwa wanatafutwa nyumba hadi nyumba. Jioni moja, kafyu imeshaanza, mlango ukabishwa. Baba akachungulia pembeni ya pazia. Alikuwa Sitati, amevaa koti la mtu mwingine, halimtoshi mikono.

Baba hakufungua. Alizima taa, akamziba Nekesa mdomo kwa kiganja, akangoja. Baada ya muda akasikia viatu vikiondoka.

Hakuna aliyemwona Sitati tena. Nyumbani Baba aliwaambia alienda Uganda kutafuta kazi. Nimekua nikijua nina baba mdogo Uganda. Senge, dada yao, amekuwa akimwuliza kila mtu atokaye upande ule kama hajakutana na mtu mfupi mwenye pengo la meno ya juu.

Sasa ungamo langu. Baba alipokuwa anaongea, macho yake yakiwa chini, mimi nilikuwa naandika. Na nilichohisi kwanza hakikuwa huruma.

Nilifurahi.

Sura ya nne ilikuwa imepatikana. Niliandika kwa siku tatu bila kuchoka. Nilimgeuza Baba kuwa fundi viatu, Sitati nikamwita Musa, nikadhani kwa kufanya hivyo nimekuwa mstaarabu. Hodi nikaiweka mara tatu, kila moja nzito kuliko iliyotangulia, halafu kwenye kioo cha kompyuta panatokea maneno: FUNGUA, au NYAMAZA.

Jumamosi moja, miezi miwili iliyopita, tulikutana barazani kwa akina Manjit, Kileleshwa. Kioko alikuwa ameshachora chumba chenyewe kwa maelezo niliyomtumia, kitanda, pazia, karai la kuogeshea mtoto. Niliwasomea. Nilipomaliza, Manjit akavua miwani.

"Naliaka, hii umeitoa wapi?"

"Nimetunga tu," nikasema.

Wakaanza kubishana. Manjit alishikilia kwamba mchezaji lazima aweze kufungua. Gemu nzima ni hiyo, alisema, huwezi kumfundisha mtu kwa sura tatu kwamba yaliyopita yanabadilika, halafu kwenye mlango unaouma kuliko yote umwambie haifunguki. Kioko alikuwa anachora duara juu ya duara kwenye daftari lake.

"Sawa, amefungua," akasema. "Na wale watoto? Askari wakija wakampata jamaa ndani, hao watoto wanaenda wapi? Mimi ndiye nitachora hiyo, si wewe."

Wote wawili wakanigeukia. Mimi ndiye mwandishi, mimi ndiye ninayejua kinachofuata. Nikasema nitafikiria, na Manjit akaanza kuijenga sura hadi pale mlangoni. Ukweli ni kwamba moyoni nilikuwa nimeshaamua zamani: mimi ningefungua. Tangu siku ile Baba aliponieleza nilikuwa nampikia na kumfulia kama kawaida, lakini nilikuwa namtazama mikono. Nilikuwa nimemhukumu, na nadhani alijua.

Labda ndiyo sababu juzi Jumapili, baada ya kanisa, nilimletea kompyuta.

Nilijiambia nataka ahakiki chumba, kama karai ni lenyewe, kama dirisha liko mahali pake. Uongo mwingine. Nilitaka kuona atafanya nini.

Alivaa miwani ya kusomea. Nilimwonyesha vitufe vya kutembeza mtu, akajifunza haraka. Akamzungusha yule fundi viatu chumbani, akamfikisha kwenye kitanda, kwenye redio, akatabasamu kidogo. Kisha hodi ikalia. Mara tatu. Maneno yakatokea.

Baba aliondoa mkono kama aliyeguswa na moto.

Nilingoja. Sikumsaidia. Alitazama kile kioo. Kisha, polepole, kwa kidole kile alichopoteza nusu ya ukucha kwenye msumeno, akabonyeza NYAMAZA.

"Kuna watoto ndani," akasema.

Hakuniambia mimi. Sijui alimwambia nani. Lakini hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho sikuwa nimekiandika popote: kwamba miaka yote hii hajawahi kujidanganya kwamba angefungua. Angerudi siku ile, ndiyo, lakini angerudi afanye vilevile, alie vilevile. Na yule mtoto aliyezibwa mdomo ana nyumba yake leo, ana binti aliyeolewa. Mimi mwenyewe nimezaliwa baadaye katika nyumba ambayo mlango wake haukufunguliwa. Nilikuwa nimemhukumu kwa kunipa maisha.

Akavua miwani. "Wangapi wameona hii?"

"Wawili. Hawajui ni wewe."

"Senge yako?"

"Hapana, Baba."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema neno ambalo nimelala nalo siku mbili: "Mimi sina mdomo wa kumwambia."

Akaenda kulala kidogo. Mimi nikabaki nikiligeuzageuza. Lilikuwa katazo? Lilikuwa ombi? Hakusema "usimwambie." Hakusema "mwambie." Na Senge alikuwa anafika Nairobi kesho yake kwa ajili ya macho yake.

Leo asubuhi nikampeleka hospitali Upper Hill. Ana mtoto wa jicho, la kulia ndilo baya. Tulikaa kwenye benchi refu la korido, namba yetu bado mbali, yeye amejifunika leso mbili, anasalimia kila anayepita kana kwamba ni mgeni wake. Mwanamume mmoja akaketi karibu, akawa anaongea na simu kwa lafudhi ya kule mpakani. Alipomaliza, Senge akamgusa bega.

"Mwanangu, wewe ni wa Uganda? Hujakutana huko na mtu anaitwa Sitati? Mfupi hivi, ana pengo la juu?"

Yule mtu akasema kwa heshima kwamba hajakutana naye. Senge akamshukuru. Alisema asante vizuri kabisa, kama mtu aliyepewa kitu.

Sikuweza tena.

Nilimweleza palepale, kwa sauti ya chini, bila kumpamba mtu. Koti lisilotosha. Pazia. Taa. Kiganja juu ya mdomo wa Nekesa. Nilipofika kwenye viatu vilivyoondoka nilikuwa nalia mimi, si yeye. Yeye alikuwa ameangalia mbele tu na lile jicho lake lenye ukungu.

Namba mbili zikaitwa.

"Alibisha mara ngapi?" akauliza.

Nilifungua mdomo kusema tatu. Nikakumbuka tatu ni yangu. Niliiandika kwa sababu tatu husikika vizuri.

"Sijui, Senge. Sikumwuliza."

Hakunikemea. Lakini sijawahi kuona aibu namna ile. Nilikuwa nimeuliza mkate ulifungwa kwa karatasi gani, hilo sikuuliza.

Daktari alimwona, akampangia siku ya upasuaji, tukachukua teksi mpaka nyumbani bila maneno. Njia nzima nilikuwa natafuta namna ya kumtumia Baba ujumbe wa kumwonya. Niliandika nikafuta. Niliandika nikafuta.

Baba alikuwa ameketi sebuleni. Alipotuona mlangoni alijua. Alijaribu kusimama, mgongo ukamrudisha. Senge hakuvua leso wala viatu. Alienda moja kwa moja akakaa kwenye kiti cha mbele yake, magoti yao karibu yagusane.

"Sitati alibisha mara ngapi?"

Baba alinitazama mara moja. Sikuona hasira. Nafikiri niliona mtu aliyetuliwa mzigo na bado hajui aiweke wapi mikono yake.

"Mara moja tu," akasema. "Alijua ni kwa ndugu yake."

Senge akajishika kifua. Nilidhani atapiga kelele. Nilidhani atamlaani, atachukua mfuko wake arudi Bungoma na jicho lake hivyohivyo, na nyumba yetu itagawanyika kwa sababu nilikosa sura ya nne. Nilisimama pale nikiwa na barua ya hospitali mkononi na nikaapa sitaandika tena neno la mtu yeyote.

"Basi amekufa," Senge akasema hatimaye. "Nilikuwa najua, nikawa sitaki. Yule alikuwa na mdomo. Angekuwa hai angerudi, hata baada ya miaka arobaini, asimame hapo nje akutukane mpaka majirani watoke."

Baba akacheka. Ni sauti iliyotoka yenyewe, nusu kicheko, nusu kilio, na baada yake hakuweza kujizuia tena. Senge alimwacha alie. Hakumbembeleza wala hakumshika mkono. Sijui kama amemsamehe na sidhani ni swali la leo. Alingoja tu, kama alivyongoja kwenye benchi.

Alipotulia, Senge akasema kuhusu binti wa Nekesa, ambaye anatarajia kujifungua mwezi ujao. Kwetu mtoto hapewi jina la jamaa aliye hai. Mara nne katika ukoo wetu jina la Sitati limependekezwa, na mara nne Senge amekataa, akisema mwenyewe bado analitumia.

"Akiwa mvulana," akasema, "mwambie Nekesa jina liko."

Baba aliitikia kwa kichwa, mara nyingi.

Nimewapigia Manjit na Kioko. Nimewaambia sikutunga, nimewaambia ni ya nani, na kwamba sura ile naitoa. Kioko akasema pole sana, leo hii atafuta michoro yake ya kile chumba. Manjit alikasirika, na ana haki. Amejenga sura nzima juu ya uongo wangu, na miezi yake miwili imeenda. "Si ungesema tu," alirudia. Sijui kama Jumamosi nitakaribishwa. Sijui kama gemu itaisha. Nimembadilishia kila mtu jina hapa, na hata hivyo haya siyachapishi kabla sijawasomea Baba na Senge kule sebuleni. Wakikataa, yatabaki yangu peke yangu. Je, nimemfanyia Baba wema, au nimechukua tu mara ya pili kile nilichochukua mara ya kwanza?

Ukuta huu wa jikoni ni mwembamba. Nawasikia. Baba anasema Sitati alijua kuogelea. Senge anasema hakujua, alikuwa anatembea chini mtoni huku akirusha mikono ili wasichana wadhani anaogelea. Baba anasema si kweli, alimwona kwa macho yake. Senge anamwambia macho yake yalikuwa mabaya hata wakati huo.

Sijawahi kusikia Baba akibishana na mtu kuhusu mdogo wake.

Naacha hapa. Naenda kukaa nao.