Njia Tatu za Mbio za Salma

Mdogo wangu Salma, mwenye miguu isiyojua kukaa kitako,

Salamu nyingi kutoka Matrah, Maskati, na joto nalo linakusalimu. Barua hii siifungi, anayetaka na asome, maana nusu ya mtaa wamo humu ndani na watataka kujua nimewasema nini.

Nianze kwa kukiri. Ijumaa ulipopiga simu ukanambia wale watu wa samaki huko Tromso, Norway, wanataka kukuajiri moja kwa moja, na wanataka jawabu kabla mwezi haujesha, ukaniuliza, "Dada, niseme nini? Nikae au nirudi?" Nikakwambia laini mbovu, sikusikii. Laini haikuwa na kitu. Nilikuwa nakusikia mpaka unavomeza mate. Jawabu tu sikuwa nalo, na mie kukosa la kusema sijazoea, nikababaika. Sasa nimekaa chini, sambusa nshakaanga, mama kalala, na jawabu nnalo. Lakini utalipata mwisho. Kwanza nisikilize.

Unakumbuka ulipokuwa chuo kikuu kule Al Khoudh, Alkhamisi unarudi nyumbani na begi la nguo chafu na raba zako? Ukataka kukimbia kornish, kando ya bahari, asubuhi baada ya sala, kutoka soko la samaki mpaka Riyam. Mama akasema mtoto wa kike hakimbii peke yake, lazima awe na mtu. Mtu mwenyewe ndo mie. Mie na mbio wapi na wapi? Nikasema basi, ntamfata na gari.

Nikawa nakwenda nyuma yako gia ya kwanza, indiketa zote mbili zinawaka ili watu wasinigonge. Wewe mbele na baibui lako na raba nyeupe. Wiki ya pili teksi moja ikanifata, nayo ikawasha indiketa. Nyuma ya teksi pikapu na mbuzi watatu. Pikapu ikaanza kupiga honi. Si unawajua watu wa hapa, wakiona gari zinakwenda polepole na indiketa zinawaka, kwao hiyo ni harusi, na harusi hawaipiti. Dereva wa teksi akaja ubavuni, akashusha kioo.

"Ya ukhti, mabruk, hongereni. Bi harusi yuko wapi?"

"Si huyo anakimbia."

"Anamkimbia nani?"

"Mume."

Mie nimesema maskhara. Wallahi maskhara matupu. Lakini yule bwana kila abiria aliyempakia alimpa khabari pamoja na chenji. Kufika Jumamosi imeshafika kwa muuza vitambaa wa mama, na bwana harusi keshapata jina, ana miaka sitini na nyumba mbili Nizwa. Mama karudi sokoni kashika kichwa. Na wale waliokuwa waje kukuposa Jumatatu hawakuja, wakaleta salamu kwamba bibi yao anaumwa. Bibi yao nilimuona Jumanne anachagua vitunguu, mzima kuliko mie. Wewe ukajifungia chumbani ukacheka mpaka ukalia. Ukamaliza chuo, ikatoka nafasi ya kwenda kusoma mambo ya samaki Norway, na hapakuwa na mchumba wa kukuzuia. Mama mpaka leo hajui uvumi ulitoka gari gani. Siku akisomewa barua hii ntakuwa kwa shangazi.

Basi miaka ikapita minne, wewe unakuja wiki mbili unaondoka, na mie roho inanisuta, nasema huyu nimemtoa mie kwa mdomo wangu. Ndo mama akanituma kwako. Salma, usidhani nilikuja kutembea. Nilikuja kukuchukua. Mkobani nilikuwa na tiketi mbili za kurudia Maskati, na moja ina jina lako. Hili nakwambia leo.

Nimefika jua halituwi. Nauliza isha saa ngapi, wewe unanambia, "Dada, angalia saa, usiangalie dirisha." Kisha ukanionesha njia zako tatu za mbio, kama mtu anavoonesha vyombo vyake vya kabatini. Ya kwanza ya pwani, mpaka ncha ya kusini ya kisiwa chenu, watu wanaoga maji ya friji na wanacheka. Ya pili juu kwenye kilima, kuzunguka kile kiziwa chenye mabata. Ya tatu ya daraja, refu, limebinuka katikati, meli zinapita chini yake.

Ile ya kwanza nilikimbia pamoja nawe. Wewe ukasema sikukimbia, nilitembea kwa hasira. Kwa vovote, nilifika benchi la mwanzo.

Siku ya pili nikasema mie nakaa ziwani, wewe zunguka. Nikatandika kanga benchini, nikaweka chupa ya kahawa, vifinjani, tende na kipande cha halua. Mtu akikaa njiani na watu wanapita, atakaaje mikono mitupu? Akaja mkimbiaji wa kwanza, nikamnyooshea kifinjani. Akakipokea bila ya kusimama, akanywa, akakitupa majanini. Kifinjani changu cha Matrah chenye ukingo wa dhahabu. Nyuma yake wakaja watatu wakachukua tende, na mmoja akaniuliza kitu huku anaonesha saa yake ya mkononi. Ulipomaliza mzunguko ukanikuta nimeinama naitafuta dhahabu yangu kwenye majani.

"Dada, wanadhani leo kuna mashindano. Huyu anauliza amekuwa wa ngapi."

"Mwambie wa nne."

Ukamwambia. Akanyanyua mikono juu, maskini, akaenda zake na furaha.

Kesho yake yule wa kifinjani akarudi. Kakiosha, kakifunga kwa karatasi, na kopo la jamu juu yake. Na bibi mmoja mwenye mbwa mzee naye akaja, akakaa. Nikamuonesha mbwa akae upande wa pili wa kanga, mie nnasali, akafahamu mara moja. Lugha hatuna, lakini tuna mikono, tuna picha za mkobani, na wewe kila ukizunguka unatutafsiria maneno mawili unakwenda zako, sie tunakaa na tende mdomoni tunangojea mzunguko ujao. Kufika siku ya nne nnajua nyonga yake ya kulia imebadilishwa, mwanawe kaachana na mke na kosa ni la mwanawe, na nyumba ile yenye mlango wa manjano, unaoitazama njia, ni yake.

Ukanambia, "Dada, nna miaka minne napita hapa, hata jina lake silijui."

"Kwani umemuuliza?"

"Huku watu hawasemeshani."

"Hawajasemeshwa tu."

Wiki ile inaisha benchi halitoshi, watu wanakalia mawe.

Siku ya mwisho nikasema moyoni, leo namwambia Salma turudi, na ntamwambia darajani, akishachoka hatobishana. Nikasimama mwanzo wa daraja na mkoba kifuani, tiketi ndani. Ukaondoka. Kornish ulikuwa kila nguzo ya taa unageuka kutazama kama gari ipo. Darajani hukugeuka hata mara moja. Nakutazama unapanda, unakuwa mdogo, ukafika pale palipobinuka, ukazama upande wa pili. Nikabaki naangalia daraja tupu na maneno yangu niliyoyapanga. Uliporudi, pua inachuruzika, uso unang'ara, ukanambia, "Dada, leo upepo ulikuwa mgongoni kwangu kwenda na kurudi." Kitu ambacho hakiwezekani, na mie sikukibisha.

Mkoba sikuufungua.

Nikarudi nikamwambia mama kazi ya Salma haijesha, samaki wamemshika mpaka mwakani. Ikaja mwakani, nikasema mwakani. Huu wa tatu sasa, na mama si mtoto.

Kwa hivo baada ya simu yako nikamwambia kweli. Alikuwa anachagua mchele. Akaendelea kuchagua mpaka nikadhani hakusikia.

"Kwa hivo harudi tena," akasema.

"Atakuja likizo, mama."

"Likizo si kurudi."

Nikamkumbusha yule bibi wa mlango wa manjano, kwamba baridi ilipokuwa kali akakuona hukupita siku mbili, akaja na mbwa wake kugonga, akakukuta na homa, akakupikia supu ya samaki. Mama akanyanyua kichwa.

"Hiyo supu ilikuwa na ndimu?"

"Sijui."

"Haikuwa nayo," akasema, akarudi kwenye mchele.

Jana asubuhi kavaa baibui, kasema twende sokoni. Nikadhani ndimu. Salma, tumezunguka soko zima la Matrah kutafuta kitambaa kizito cha sufu, mwezi wa sita, mie jasho linaniingia machoni. Muuza vitambaa wake akamuuliza, "Mama, una homa?"

"Sina homa. Nna mtoto Norway, anafanya kazi huko na anakimbia kwenye barafu."

Akasema vile vile duka la pili, na la tatu, na kwa yule muuza ubani ambaye hana hata uzi dukani kwake. Miaka yote ukiulizwa anajibu yuko masomoni. Jana nilimsikia anasema "anafanya kazi huko" mara tisa, ya mwanzo kwa sauti ndogo, ya mwisho walimsikia mpaka kwenye teksi. Mie nikajifanya natazama ubani, maana nilikuwa nalia, na mie nikilia sokoni kesho yake utasikia nimeachwa.

Kitambaa hatukupata. Kafika nyumbani kafungua kabati, katoa blanketi lake la sufu, lile alilokuja nalo kutoka Unguja asilotumia wala asilompa mtu. Hivi sasa nasikia cherehani. Keshaamka, anakushonea suruwali za mbio. Nakwambia mapema, suruwali hizo zinasimama zenyewe bila ya mtu ndani. Vaa mara moja, upigwe picha darajani, uitume, kisha fanya utakalo.

Nakukosa, mdogo wangu, nisikufiche. Wasalimie wa benchini, na kamba za raba uzifunge mafundo mawili. Nnakwenda, ananiita, anataka kipimo cha kiuno chako.

Waambie watu wa samaki ndiyo. Mama keshalikata blanketi.

Mie dada yako,
Zuwena